Sindano, Kichwa na Mkono: Istilahi za Mashine ya Santuri

Neno santuri limekuwa na maana mbili tangu zamani: sahani yenyewe, na mashine inayoipiga. Asili yake ni ala ya nyuzi ya Waajemi ipigwayo kwa vijiti viwili, wala haihusiani na sahani wala na mashine. Hatulalamikii jambo hilo, kwani lugha hujichukulia inapopenda. Tunayolalamikia ni maelezo ya Kiswahili ya kuzitengeneza na kuzirekebisha mashine hizi, ambazo sasa zimerudi kupendwa. Humo neno sindano limebebeshwa kazi tatu, kichwa mbili, na uzito hatujui ngapi.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama sahani zingepatikana upya. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao chini ya chapa ya His Master's Voice. Sahani za wakati huo zilifinyangwa kwa shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu, pamoja na unga wa mawe. Zikianguka huvunjika, na mfuo wake ukishachimbwa na ncha isiyofaa haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Nakala zilizobaki majumbani Unguja ni akiba isiyoongezeka, na mfasiri anayekosea neno moja anaweza kuipunguza.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Bwejuu amerithi kasha la sahani kama hizo, pamoja na mashine aina ya Garrard 401, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965. Mashine hiyo haikuuzwa na mkono. Kila mnunuzi alijitafutia mkono na katriji, naye ndiye aliyepaswa kuvioanisha. Mwalimu anasoma katika karatasi ya maelezo: "Badilisha sindano kabla ya kupiga santuri ya zamani." Abadilishe nini? Wazee wake, waliotumia mashine ya kutia ufunguo, walijua sindano kuwa kipande cha chuma kinachotupwa baada ya upande mmoja wa sahani. Fundi wa leo huita sindano ile ncha ya almasi. Muuzaji naye huita sindano kile kisanduku chote chenye sumaku na koili ndani yake.

Tofauti hizo zina vipimo. Mfuo wa sahani ya shelaki huhitaji ncha yenye nusu kipenyo cha kadiri ya mikromita 75, na ule wa sahani ya plastiki kadiri ya mikromita 18. Ncha ndogo ikiwekwa katika mfuo mpana hukokota chini kabisa, penye vumbi la miaka mingi. Sindano ya chuma ya mashine ya zamani, iliyokandamiza kwa zaidi ya gramu 100, ikiwekwa juu ya plastiki huilima.

Maoni yetu ni kwamba sindano ibaki kwa kile kipande cha chuma, kwa kuwa ndivyo kilivyoitwa na waliokitumia. Kile cha almasi kiitwe ncha. Kisanduku kiitwe katriji. Tunafahamu kwamba wapo wasiolipenda neno hili kwa ugeni wake, lakini makarani wetu wamekwisha kulizoea katika mashine za kuchapia, na "kifaa cha kunasia mitetemo ya mfuo" ni maana ya neno, si neno. Kichwa kibaki kwa kile kipande cha mwisho wa mkono ambacho katriji hufungwa kwa skrubu.

Ama kuhusu "mkono wa sauti", hapo mfasiri amefuata Kiingereza bila kuuliza Kiingereza kilimaanisha nini. Katika mashine ya pembe, mkono ulikuwa bomba tupu ndani, na sauti yenyewe ilipita humo ikielekea kwenye pembe. Jina lilikuwa la haki. Katika mashine ya umeme hakuna sauti inayopita mkononi. Zimo nyaya nyembamba tu. Waingereza wameendelea na jina la zamani kwa mazoea, na hiyo ni haki yao. Sisi tunaoanza upya hatuna sababu ya kurithi mazoea hayo. Mkono unatosha.

Linalotutia hofu zaidi ni neno uzito. Katriji ya Denon DL-103, ambayo mafundi wengi wanaipenda, ina uzito wa gramu 8.5. Ncha yake yapasa kukandamiza sahani kwa gramu 2.5. Maelezo yanayoandika "uzito wa sindano" kwa yote mawili yanamwachia mwalimu wetu kuchagua, na akichagua vibaya ataikandamiza sahani zaidi ya mara tatu ya inavyostahili. Tunapendekeza uzito kwa kile kinachopimwa mizanini kikiwa peke yake, na mkandamizo kwa kile kinachobebwa na mfuo.

Ipo pia ile sifa ya kijiti chenye ncha, ya kukubali kusukumwa kidogo au sana. Wapo walioiita utii, kwa sababu kitenzi cha Kiingereza kina maana ya kutii. Tumecheka, na tuwaache. Wengine wameiita ulaini, nao wamewafanya wasomaji wadhani kwamba ni sauti iliyo laini. Unyumbufu ungefaa, lakini walimu wa fizikia wamekwisha kuuchukua kwa maana yao. Pwani tunalo neno kunepa. Mpiko wenye pakacha mbili za nazi hunepa begani, na mpiko mwembamba hunepa zaidi kwa mzigo uleule. Kutokana na hilo twaweza kupata unepo, ambalo halihitaji maelezo kwa mtu wa Bwejuu.

Unepo ndio unaotuonyesha kwa nini istilahi hizi hazitenganiki. Mkono, katriji na unepo huungana kuwa na mtetemo wao wenyewe, ambao mafundi hutaka uwe kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Uzito wote ukiwa gramu 20, na unepo mikromita 20 kwa milinyutoni, mtetemo huwa karibu 8. Mkono ukiwa mzito hata jumla ikafika gramu 35, mtetemo hushuka hadi 6, nao huamshwa na sahani iliyopindwa na joto au na hatua za mtu apitaye chumbani. Tahadhari moja kwa wafasiri: watengenezaji wengi wa Kijapani hupima unepo kwa mitetemo 100 kwa sekunde, na wa Ulaya kwa 10. Anayeiacha tarakimu hiyo kwa kuiona ni mapambo ameiharibu hesabu yote. Tena jambo hili lisiitwe mwangwi, kama tulivyoona likiitwa. Mwangwi ni sauti inayorudi kutoka ukutani, na msomaji atakwenda kununua mapazia. Mvumo ni karibu zaidi na ukweli.

Kwa kuwa ndivyo ilivyo, hatuipendi desturi ya kuandika "kuboresha" kila kifaa kinapobadilishwa. Kubadilisha ni tendo, kuboresha ni hukumu. Katriji ya bei kubwa katika mkono usioifaa haijaboresha chochote, na mfasiri hakuajiriwa na muuzaji.

Limebaki lile gurudumu dogo la mota, ambalo wengine wameliita "kifaa cha mwendo". Mabaharia wanalo jina la gurudumu la namna hiyo, kapi, na hatuoni kwa nini likataliwe nchi kavu. Mashine iliyotengenezewa Marekani, ambako umeme hubadilika mara 60 kwa sekunde, huja na kapi lake. Ikiunganishwa na umeme wetu wa mara 50, sahani ya mizunguko 78 kwa dakika itazunguka mara 65, na Siti atasikika kama anayeimba usingizini. Dawa yake ni kubadilisha kapi, nalo halina budi kutajwa kwa jina katika ukurasa wa kwanza wa maelezo, kabla ya mwalimu kuanza kufungua mkono au katriji.