Stelingi Akifa

Neno "stelingi" halimo katika istilahi za wahakiki, lakini mtazamaji wa kibanda cha video kule Kichiwa, mkoani Njombe, huanza nalo hukumu yake. Huuliza kwanza stelingi ni nani, kisha adui ni nani, na mwisho iwapo picha ilikuwa na maana au ilimpotezea jioni. Ni uhakiki wa maneno machache, hutolewa njiani watu wakirudi makwao katika baridi ya nyanda za juu, nao una sheria moja inayojulikana nchi nzima: stelingi hafi.

Sheria hiyo ilitiwa majaribuni na Titanic, filamu ya James Cameron ya mwaka 1997. Jack anakufa majini, Rose anabaki hai. Kwa kanuni ya kibandani, ama Jack hakuwa stelingi, ama picha imekosea. Na wengi walioiona kwa Kiswahili waliipokea kwa sauti ya Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni juu ya sauti zake za asili. Lufufu hakuwa mfasiri tu. Alisema kwa niaba ya wahusika, akafafanua, akatia na maoni yake. Wapenzi wa ushairi wa pwani wataitambua kazi hiyo: ni ya mghani anayeujua utenzi na kuwajua waliokaa mbele yake.

Hata hivyo sauti hiyo ina gharama. Pale Rose anapouachia mkono wa Jack, picha inadai ukimya, na msimulizi hanyamazi kwa urahisi. Mtazamaji aliyezoea kuelezwa kila jambo huja akauhesabu ukimya kuwa upungufu.

Kwa hiyo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, ni mtihani mgumu kwake ingawa imesemwa kwa lugha yake. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi: Yasmin, binti wa Kihindi, anamkimbia mume mzee na kumpenda Denge, mpinzani wa ukoloni katika Unguja ya miaka ya 1950. Shivji ameziachia nyuso, vichochoro na mwanga viseme. Uzuri wake hauna ubishi. Ila riwaya imejaa ucheshi na porojo za Ng'ambo, na katika filamu porojo hizo zimepungua mno. Mapenzi ya wawili hawa yanatazamika zaidi kuliko yanavyosikika.

Mwaka 2022 filamu hiyo ilipelekwa kuiwakilisha Tanzania katika tuzo za Oscar, ya pili baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Sifa zake zimeandikwa zaidi na watu wa matamasha. Kibandani ingeulizwa swali lile lile: stelingi ni nani? Denge ndiye anayesakwa na polisi, lakini Yasmin ndiye anayebadilika, na hapo hata mjuzi wa picha wa Kichiwa angesita kabla ya kujibu.