Jasusi Sebuleni: Tamthilia ya Kijana Indiana Jones na Suala la Lugha ya Nyumbani

Wahakiki wengi wa Kiswahili huipuuza televisheni, kana kwamba kazi yao hukoma pale kitabu kinapofungwa. Lakini katika nyumba nyingi za Nairobi hadithi ya jioni haisomwi, bali hutazamwa. Kwa hiyo yafaa tuulize: ni tamthilia ipi ya ujasusi iwezayo kutazamwa na nyanya, mzazi na mtoto pasipo mmoja wao kuinamisha uso kwa haya? Makala haya yanapendekeza moja, kisha yanaonyesha upungufu ambao ni wajibu wetu kuuondoa.

Tamthilia yenyewe ni The Young Indiana Jones Chronicles, iliyobuniwa na George Lucas na kuanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1992. Inasimulia utoto na ujana wa mhusika aliyejulikana kwanza katika filamu ya mwaka 1981. Corey Carrier anamwigiza akiwa mtoto, na Sean Patrick Flanery akiwa kijana. Kila kisa kina mahali pake na wakati wake katika historia, na baadhi ya visa vya Afrika vilipigwa picha hapa Kenya.

Visa vya ujasusi hasa ni vya mwaka 1917. Katika kile cha Austria, kijana huyu anahusishwa na ujumbe wa siri wa amani ambao Kaisari Karl aliutuma kwa Wafaransa kupitia shemeji yake Sixtus, na jambo hilo ni la kweli katika historia. Katika kile cha Barcelona, kilichoongozwa na Terry Jones, majasusi wanakuwa kichekesho kwa werevu wao wenyewe. Taharuki haitegemei utupu wala umwagaji damu wa kujionyesha. Hutokana na barua, mpaka wa kuvuka, na mtu asiyejulikana yuko upande gani. Penye kifo, kifo kina uzito wake. Katika kisa cha Kongo, sajini Mwafrika Barthélémy, anayeigizwa na Isaach De Bankolé, anakataa kumtupa mtoto mdogo ingawa ameamriwa. Hapo mhusika mkuu, aliye mkubwa wake kwa cheo, ndiye anayefunzwa utu.

Je, sisi hatuna wapelelezi wetu? Tunao. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana akili pevu na anafaa kwa kila rika. Lakini yeye hufumbua mafumbo ya mauaji, wala si mtumishi wa siri wa dola. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), ndiye jasusi kamili. Ila ulevi na wanawake vinamwandama kiasi cha kumfanya mgeni mgumu kumkaribisha mbele ya watoto. Kwa mizani hii tamthilia ya Lucas imeziba pengo.

Hata hivyo, mwandishi huyu aliitazama nyumbani Kangemi pamoja na bintiye na mama yake mzazi, na hapo ndipo upungufu ulipojitokeza. Mtoto alicheka, mimi nikacheka. Mama akauliza, "Wanasema nini?" Nikawa nasimamisha picha na kutafsiri, sentensi baada ya sentensi, mpaka yeye mwenyewe akatuhurumia: "Basi nyinyi tazameni, mwanangu. Mimi nitaangalia nyuso."

Kauli hiyo ilinichoma. Tumezoea kudhani kwamba tamthilia ya familia ni ile isiyo na matusi. Kumbe usafi ni nusu tu ya sharti. Kazi inayomwacha nyanya nje ya kicheko cha mjukuu wake haijawa ya familia, hata kama haina doa.

Tafsiri yenyewe, tena, si kazi ya kupachika maneno. Nilipomwita kijana yule jasusi, mama alishtuka: "Kumbe ni mtu mbaya?" Nikabadili nikasema mpelelezi, akatulia. Katika masikio yake jasusi ni mtu wa adui aliyejipenyeza, na mpelelezi ni mtafuta ukweli. Kule Austria kijana huyo ni yote mawili kwa wakati mmoja, na mfasiri hana budi kuamua ni nani katika kisa anayemwita kwa jina lipi. Vivyo hivyo katika kuamkiana. Kiingereza humwezesha kijana kuzungumza na mkubwa wake kwa neno moja tu la nafsi ya pili. Kiswahili kitamdai aseme bwana, mzee au afande, na kwa kusema hivyo atakuwa amefichua heshima au unafiki wake.

Siku ya pili nilishuka mjini kwa Barabara ya Waiyaki, nikapita Kenyatta Avenue penye sanamu tatu za shaba za ukumbusho wa Waafrika waliohudumu katika vita vya 1914–1918. Maandishi yake yamo pia katika Kiswahili, wala si ajabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano kwa askari wa Wajerumani, na lugha ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili. Basi kuvitia katika Kiswahili visa vya tamthilia hii vinavyohusu vita hivyo Afrika Mashariki si kuvivika nguo ya kuazima. Ni kuvirudishia sauti iliyokuwako.

Nawapendekezea wazazi waanze na kisa cha Austria, wafuate na cha Barcelona, na kile cha Kongo wawawekee watoto waliokwisha kupevuka kidogo. Kwa walimu wenzangu pendekezo ni jingine: darasa la tafsiri lichukue kisa kimoja tu mwaka huu, likitafsiri mazungumzo yake yote, na kazi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wazee wasiojua Kiingereza kabla ya kutiwa alama. Wao ndio watakaotuambia kama tumefaulu.