Hadhira Isiyo na Ulimi

Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya Uviko, kampuni ya Marekani iitwayo Tender Claws iliigiza The Tempest ya Shakespeare, ile ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Tufani, ndani ya uhalisia pepe. Mwigizaji mmoja alivaa miwani maalumu nyumbani kwake, akawa Prospero. Watazamaji wachache, kila mmoja na miwani yake, wakakutana naye kisiwani kwa takribani dola 15.

Nilitazama rekodi kwa simu hapa Rutamba, nikiungua bando. Nilivutiwa. Prospero anasimulia, watazamaji anawagawia nafasi za wahusika, nao wanaziigiza kwa vitendo. Aliyeketi peke yake chumbani anapata wenzake, na aibu yake inafichwa na barakoa.

Lakini hawasemi. Mchezo umewanyima sauti. Wanachoweza ni kualisha vidole. Naelewa: mropokaji mmoja angeharibu usiku wa wote. Hata hivyo, hapo ndipo onyesho liliponipoteza.

Nilipokuwa darasa la sita, kikundi kilikuja kuigiza uwanjani kwetu kisa cha baba aliyeuza ufuta wote akarudi mikono mitupu. Katikati ya mchezo mwanamke mmoja akasimama: "Mbona mkewe hamjampa neno hata moja?" Watu wakacheka. Mwigizaji wa mke akaduwaa, kisha akamgeukia mumewe na kuanza kudai hesabu. Mchezo ukawa mwingine. Mwanamke yule alikuwa mama yangu, na nyumbani sikuwahi kumsikia akiuliza bei ya ufuta.

Mapema miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilijua hili. Kule Malya, Mwanza, walitunga maigizo pamoja na wanakijiji kuhusu mimba za wasichana wa shule, na mjadala ulikuwa sehemu ya onyesho.

Kwa hiyo siidharau miwani. Imeshinda umbali, jambo ambalo uwanja wetu hauliwezi. Ila kumpa mtazamaji mikono si kumshirikisha, kama mikono hiyo inafuata tu maelekezo ya Prospero. Siku teknolojia hii itakapofika Rutamba, sitauliza kwanza picha zake zinang'aa kiasi gani. Nitauliza kama mama angeweza kusimama na kuukatiza mchezo.