Leseni ya Msimbo Huria na Wajibu wa Kurejesha: Uhakiki wa Kigezo cha Uchaguzi

Uchaguzi wa leseni ya msimbo huria huelezwa mara nyingi kuwa ni uchaguzi kati ya ulegevu na ukali. Leseni ya MIT huruhusu karibu kila matumizi ilimradi tamko la hakimiliki na matini ya leseni vihifadhiwe. GPL humtaka anayesambaza programu iliyotokana na msimbo huo autoe msimbo wake kwa masharti yaleyale. Mgawanyo huu si potofu, lakini una upungufu: haubainishi ni tendo gani linalozaa wajibu.

Katika GPL, tendo hilo ni usambazaji wa nakala. Anayeirekebisha programu na kuiendesha kwenye seva yake, watu wakaitumia kupitia intaneti pasipo kupokea nakala, halazimiki kutoa marekebisho yake. AGPL toleo la 3, ya mwaka 2007, iliziba mwanya huo: kifungu chake cha 13 humtaka aliyerekebisha programu awape msimbo hata wanaoitumia kupitia mtandao.

Uzito wa tofauti hii unadhihirika katika Ushahidi, jukwaa lililoanza nchini Kenya mwaka 2008 kuonyesha kwenye ramani taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, na ambalo baadaye liliwekwa chini ya AGPL. Jukwaa la aina hii hutumika kupitia seva. Chini ya GPL, taasisi ingeweza kulirekebisha na kuficha msimbo. Mwananchi aliyetoa taarifa asingeweza kukagua jinsi programu inavyoichuja. Hata hivyo, AGPL hufichua msimbo tu. Haifichui maamuzi ya wanaoiendesha programu.

Aidha, ulinzi huo una gharama, kwani baadhi ya kampuni hukataza matumizi ya AGPL. Kwa maktaba ndogo ya msimbo ambayo lengo lake ni kuenea, MIT inafaa zaidi.

Kwa hiyo, kigezo cha msingi si ukali wa leseni, bali ni namna programu itakavyomfikia mtumiaji. Swali hilo sharti lijibiwe mapema: pale ambapo hakimiliki imebaki mikononi mwa wachangiaji wengi, kama ilivyo katika kiini cha Linux, kubadili leseni baadaye huhitaji ridhaa ambayo ni vigumu kuipata.