Fuwele Zinazomiminika: Uhakiki wa Istilahi Nne

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi nne zilizomo katika rasimu ya orodha ya maneno ya kemia na fizikia iliyoletwa kwetu ili itolewe maoni. Zote zinahusu vitu vinavyomiminika kama maji au mafuta, huku molekuli zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu unaokaribia ule wa fuwele. Vitu hivyo ndivyo vinavyoonyesha tarakimu katika saa na vikokotoo, na picha katika televisheni nyingi. Dhana iliyokwisha kuingia madukani na ofisini haistahili kupewa jina kwa haraka.

Istilahi ya kwanza ni "fuwele maji". Katika Kiswahili, nomino mbili zikifuatana namna hii, ya pili aghalabu hueleza mahali pa ile ya kwanza au kitu inachotegemea, mathalani bata maji na gari moshi. Kwa hiyo msomaji atakayekutana na "fuwele maji" atadhani ni fuwele za maji, na fuwele za maji ni barafu. Hilo ni kinyume kabisa cha dhana inayokusudiwa. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria aliyekuwa akifanya kazi Prague, aliona kuwa kampaundi moja ya kolesteroli huyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za Sentigredi na kuwa kimiminika chenye ukungu, kisha ukungu huo hutoweka kwenye nyuzi 178.5. Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani, alikichunguza kimiminika hicho kwa hadubini akakuta kinaathiri mwanga kama fuwele. Jambo la kutajwa hapa ni sifa ya kumiminika, si maji. Lugha yetu inayo njia ya kuonyesha sifa ya namna hiyo: kutokana na haribika tunapata -haribifu, na kutokana na badilika tunapata -badilifu. Kwa utaratibu huohuo, kutokana na miminika tunaweza kupata -miminifu, na dhana nzima ikaitwa "fuwele miminifu".

Istilahi ya pili na ya tatu ni "hali ya nyuzi" na "hali ya sabuni". Mtungaji amefasiri mizizi ya Kigiriki ya majina yaliyotolewa mwaka 1922 na Georges Friedel wa Ufaransa. Kosa lake si dogo. Uzi uliotajwa katika jina la kwanza ni mstari unaoonekana chini ya hadubini pale mpangilio wa molekuli unapovurugika. Si umbo la molekuli zenyewe. Mwanafunzi akiambiwa "hali ya nyuzi" atadhani molekuli hizo ni laini na hupindika kama uzi. Kumbe uchunguzi wa Daniel Vorländer huko Halle, mwanzoni mwa karne ya 20, ulionyesha kuwa molekuli zinazofaa zaidi ni zile ndefu zilizonyooka. Ugumu wa kiini chake ndio unaozifanya zilale sambamba, kama fito zilizofungwa tita moja. Kikundi cha atomi kikibandikwa ubavuni, molekuli hupanuka, husukumana mbali na jirani zake, na kwa kawaida utaratibu huo huvunjika kwenye joto la chini zaidi. Isitoshe, neno nyuzi tayari lina kazi katika upimaji wa joto. Mfasiri atalazimika kuandika kwamba "hali ya nyuzi huanza kwenye nyuzi 24", sentensi ambayo hakuna mwalimu atakayeisoma mbele ya darasa bila kusita.

"Hali ya sabuni" nayo inaficha jambo kuu, yaani kwamba molekuli zimepangwa kwa matabaka. Yawezekana kupendekeza "hali ya mwelekeo" kwa ile ya kwanza na "hali ya matabaka" kwa hii ya pili. Lakini molekuli za matabaka nazo zina mwelekeo, na mpaka kati ya dhana hizi mbili ungepotea. Afadhali tukope: nematiki na smektiki. Neno la mkopo lisilosema kitu huweza kufafanuliwa. Neno la nyumbani linalopotosha halina budi kwanza kukanushwa. Maneno yetu tuyatumie kwa maumbo, ambako yanatosha: molekuli ufito, na molekuli sahani kwa zile bapa ambazo S. Chandrasekhar na wenzake huko Bangalore, India, walizieleza mwaka 1977.

Istilahi ya nne ni "uimara", iliyotolewa kwa dhana mbili zisizofanana. Kampaundi iitwayo MBBA, iliyotangazwa Ujerumani mwaka 1969, hudumu katika hali ya nematiki kutoka karibu nyuzi 21 hadi 47, lakini kiungo kilicho katikati ya molekuli yake huvunjwa na unyevu. Kampaundi ya 5CB, iliyotangazwa mwaka 1973 na George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, haivunjwi hivyo, kwa sababu pete zake mbili za kaboni zimeunganishwa moja kwa moja. Hata hivyo, ikiwa peke yake hudumu katika hali hiyo kutoka karibu nyuzi 24 hadi 35 tu. Ilibidi ichanganywe na kampaundi za jamii yake ndipo ikafaa kwa vifaa vya kila siku. Je, ipi kati ya hizo mbili ni imara zaidi? Kwa istilahi ya rasimu, swali hili halina jibu. Tutenganishe: "uimara wa molekuli" kwa kutovunjika kwake, na "uthabiti wa hali" kwa mapana ya joto ambamo utaratibu wake hudumu.

Kwa hiyo tunapendekeza fuwele miminifu, nematiki, smektiki, na jozi ya uimara na uthabiti. Walimu na wafasiri wazijaribu katika sentensi nzima kabla hazijapitishwa, kwani rasimu hii ilionekana nzuri ilipokuwa orodha tu. Kasoro zake zilijitokeza pale maneno yake yalipotiwa katika sentensi.