Antigone Akishuka Homa Bay

Ukiiweka Antigone jukwaani Homa Bay au Migori, huhitaji kueleza kwa nini maiti moja inaweza kugonganisha ukoo mzima. Sophocles aliiandika Athens, karibu 441 KK: dada anamzika kaka yake licha ya marufuku ya Mfalme Creon. Waluo hawahitaji kufafanuliwa hiyo. Mtu huzikwa dala, basi.

Ni rahisi kumwita Wambui, mjane wa wakili S.M. Otieno, Antigone wetu. Mimi sikubali haraka hivyo. Kwenye kesi ya 1987, Wambui alisimama na sheria ya serikali. Ukoo wa Umira Kager ndio ulishika sheria ya mababu, kama Antigone. Ukashinda, Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Lakini ngoja. Antigone pia ni mwanamke anayejiamulia kuhusu maiti ya mtu wake, na hiyo nafasi Wambui alinyimwa. Hoja ya Antigone iko kwa ukoo, sauti yake iko kwa mjane. Mwongozaji anayemfanya Creon zimwi tu anatukwepesha swali. Mzee wa ukoo anaweza kushika hoja ya Antigone na bado akatawala kama Creon.