Video ya Kunyoosha Viungo Isiyohitaji Kutazamwa

Video nyingi za kunyoosha viungo zinazozunguka kwenye simu zetu zimetengenezwa ili zitazamwe, na kwa mtu aliyevuka miaka arobaini hiyo ndiyo kasoro yake ya kwanza. Mtu huyo akilala chali mkekani na kuvuta goti kifuani, simu inakuwa chini, ubavuni mwake. Ili aione, itambidi apinde shingo pembeni wakati uleule mwalimu anamwambia ailegeze. Akigeuka kifudifudi haoni chochote. Hata akiwa amekaa na simu ipo umbali wa mkono, macho yanagoma, kwa kuwa kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hukakamaa na maandishi madogo ya karibu huanza kufifia. Mwili unaotaka kunyumbulika unapewa maelekezo kupitia kiungo ambacho chenyewe kimeshaanza kukaza.

Nimezitazama video hizi nikitafuta namna zinavyojengwa: kamera imewekwa wapi, sekunde zimegawanywaje, nani anahesabu, mwalimu anasema nini wakati mwili umetulia. Nimefikia kuamini kwamba picha ina kazi ya siku za mwanzo tu. Baada ya hapo sauti ndiyo inayomfanyisha mtu mazoezi, na anayetaka kuwatengenezea video watu wa makamo wa Chamwino, mkoani Dodoma, aanze na kinasa sauti kabla hajawaza kamera.

Hata hivyo hizo siku za mwanzo zina uzito wake, na hapo kamera nyingi hukosea. Chukua zoezi la kuinama kugusa vidole vya miguu. Watu wawili wanaweza kuvigusa kwa njia mbili tofauti kabisa. Mmoja anakunjia nyongani, mgongo wake umenyooka, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayovutika. Wa pili nyonga zake hazikusogea, maana misuli hiyo imekaza na kuzishikilia, kwa hiyo ameufidia umbali kwa kuupinda mgongo wa chini. Ukiwapiga picha kwa mbele wanafanana. Ukiwapiga kwa ubavu, hata asiyejua lolote ataona kwamba mmoja ananyoosha paja na mwingine anauchosha mgongo. Video nyingi hupigwa kwa mbele kwa sababu uso wenye tabasamu huvutia watazamaji. Mwenye nia ya kufundisha angeweka kamera ubavuni, kwenye kimo cha nyonga, kisha asiisogeze mpaka zoezi liishe. Na pale ambapo lazima amwelekee mtazamaji, anaposema kulia ainue mkono wake wa kushoto, ili mtu aliye mbele yake afuate bila kupiga hesabu kichwani. Walimu wachache hulikumbuka hilo, na wale wanaolikumbuka utawatambua mara moja.

Tuje kwenye sekunde. Mwongozo wa Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani wa mwaka 2011 unasema mtu mzima ashikilie mkao wa kunyoosha kwa sekunde 10 hadi 30, wazee wakifaidika zaidi kwa sekunde 30 hadi 60, na kila zoezi lirudiwe hadi jumla yake ifike kama sekunde 60, angalau siku mbili au tatu kwa wiki. Sasa chukua video yenye kichwa kinachoahidi mwili mzima ndani ya dakika 10, yenye mazoezi 15, kila moja upande wa kulia na wa kushoto. Hiyo ni mikao 30 ndani ya sekunde 600, yaani sekunde 20 kwa kila mkao, humohumo ukiwamo muda wa kulala, kuinuka na kubadili mguu. Kijana mwepesi anaweza kuubadili mkao kwa sekunde mbili. Mtu wa miaka hamsini na tano mwenye goti linalolalamika anahitaji sekunde kumi, na anapofika sawasawa mwalimu amekwisha kuhamia zoezi jingine. Mazoezi sita, kila upande sekunde 60, ni dakika 12 za kushikilia peke yake, na ukiongeza muda wa kubadili mikao unakaribia dakika 20. Video ya kweli kwa rika hili ina mazoezi machache na kimya kirefu.

Kimya hicho ndicho kinachowaogopesha watengenezaji. Kwa sekunde 30 hakuna kinachosogea kwenye picha, na wanahofia mtazamaji ataondoka. Basi wanakata, wanabadili pembe, wanaweka muziki wa kasi, na mtu aliye mkekani anaanza kudundadunda kufuata muziki. Mwaka 1924 watafiti Liddell na Sherrington walieleza kwamba msuli unapovutwa hujibu kwa kujikaza. Vihisi vilivyomo ndani ya msuli huijali sana kasi ya mvuto: ukivuta ghafla msuli unajihami, ukivuta polepole na kutulia upinzani unapungua. Anayedunda anapigana na mlinzi wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawajalisikia, na kwangu ndilo kiini cha uchambuzi huu. Tulizoea kuambiwa kwamba ukinyoosha msuli kwa wiki kadhaa unarefuka. Mwaka 2010 watafiti Weppler na Magnusson waliupitia ushahidi uliokuwapo na kuonyesha kwamba, katika programu za wiki chache, sehemu kubwa ya mafanikio hutokana na mabadiliko ya hisia. Mtu hufika mbali zaidi kwa sababu mfumo wa fahamu umekubali kumruhusu, huku msuli wenyewe ukiwa haujabadilika sana. Kama mpaka wa mwendo unalindwa na hisia ya hatari, basi namna mtu anavyosemeshwa akiwa kwenye mpaka huo ina kazi ya kiufundi kabisa. Sauti tulivu inayomwambia atoe pumzi, inayomhesabia ajue zimebaki sekunde ngapi, inayomkumbusha kwamba mvuto unatakiwa na maumivu hayatakiwi, inagusa palepale kizuizi kilipo.

Kwamba sauti peke yake inaweza kuubeba mzigo huu si dhana tupu. Tarehe 1 Novemba 1928 Japani ilianza kurusha mazoezi ya viungo kwa redio. Wazo lilitoka idara ya bima ya maisha ya posta, iliyokuwa imeona kampuni ya bima ya Metropolitan Life ikifanya vivyo hivyo Marekani. Bima inapenda wateja wake waishi miaka mingi, na sioni aibu yoyote katika faida ya namna hiyo. Toleo linalotumika hadi leo lilianza mwaka 1951: hatua 13, kinanda, sauti inayohesabu, na kipindi chote ni dakika tatu na ushei. Wasikilizaji hawaoni mtu, lakini miili yao inajua cha kufanya, kwa sababu walijifunzia shuleni na viwanjani, mbele ya mwalimu wa kweli. Watoto wakati wa likizo ya kiangazi hugongewa muhuri kwenye kadi kwa kila asubuhi waliyohudhuria. Mafunzo ya ana kwa ana yalitangulia, na redio ikayaweka hai kwa vizazi.

Kaseti ya video ya mwigizaji wa Marekani Jane Fonda ya mwaka 1982 ndiyo iliyoyaeneza mazoezi ya video sebuleni, na video za leo zote ni uzao wake. Fonda mwenyewe alikuwa na miaka 44 wakati huo, jambo ambalo waliomfuata wamelisahau wanapochagua wasichana wa miaka ishirini kuwaonyesha mazoezi watu wa makamo.

Hapa kwetu Tanzania jukwaa limekuwa na nguvu kuliko kioo. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Aliyewahi kuhudhuria anajua mfumo wake: mwalimu mmoja juu ya jukwaa, spika kubwa, hesabu, na umati wa watumishi wenye fulana. Wa nyuma hamwoni mwalimu vizuri, ila anasikia, anamwangalia aliye mbele yake na anakwenda na wenzake. Udhaifu wake ni kasi. Umati huvutwa na muziki, na kunyoosha viungo huachiwa dakika za mwisho watu wakiwa wanatafuta maji ya kunywa.

Katika Chamwino kuna mfano wa zamani kuliko yote hayo. Nenda kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo uwaangalie kina mama wakipiga ngoma ya muheme. Ngoma imebanwa katikati ya mapaja, magoti yamelegezwa, kiwiliwili kimeelekea mbele kutoka nyongani, mikono inapiga na mabega yanafanya kazi wakati wote. Wapo wenye umri mkubwa miongoni mwao. Kiongozi wa wimbo anaita, wenzake wanaitika, na mwili unabadilika kwa kusikia. Sidai kwamba muheme ni zoezi la kunyoosha kwa kushikilia. Mwendo wake ni wa kurudiarudia, na ungefaa zaidi mwanzoni, kuupasha mwili joto kabla ya mikao ya kutulia. Ninachodai ni kwamba mwalimu wa mazoezi akitafuta namna ya kuongoza miili kwa sauti, shule iko hapahapa. Tazama pia video za ngoma hizo: nyingi zinakaa kwenye nyuso na shanga, halafu zinakatwa kabla hujaona goti na nyonga vinafanya nini. Kosa ni lilelile la kamera.

Mazoezi gani sasa? Hapa ndipo video za kuletwa zinaposhindwa kabisa, kwani zimemdhania mtu wa aina moja, anayekaa kwenye kiti kutwa. Mtu huyo tunaye, tena ameongezeka tangu serikali ilipohamia Dodoma na ofisi kujengwa Mtumba. Misuli ya mbele ya nyonga yake imefupika kwa kukaa, kifua kimejikunja. Lakini jirani yake amepalilia uwele na mtama tangu alfajiri. Ameinama kwa saa nyingi. Ukimwambia akirudi nyumbani ainame tena kugusa vidole, unamwongezea palepale alipochoka. Huyu anahitaji kwenda upande wa pili: kusimama, kuweka viganja kiunoni, kurudisha mabega nyuma taratibu, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, kunyoosha misuli ya nyuma ya paja akiwa amelala chali, khanga imepita chini ya wayo, mgongo umetulia chini. Ni rekodi mbili tofauti, na atakayezichanganya atawaumiza wote wawili.

Neno asubuhi nalo limekaa kwenye vichwa vya video nyingi mno. Usiku, mtu akiwa amelala, diski za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba, hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama sana huzibana kuliko saa nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ukiongozwa na Snook ulionyesha kwamba watu wenye maumivu sugu ya mgongo walipata nafuu kwa kuepuka kuinama asubuhi na mapema. Na asubuhi za Chamwino za Juni na Julai, zenye upepo wake, hazimpashi mtu joto. Jioni, baada ya kutembea kidogo, ni wakati mzuri zaidi.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Video ya dakika 20 yenye ubora wa kati hula MB mia na zaidi. Ukiitazama mtandaoni mara tatu kwa wiki, mwezi ukiisha umetumia zaidi ya GB moja kwa video moja. Sauti ya dakika hizohizo ni MB chache, inatumwa WhatsApp mara moja na inabaki kwenye simu, hata ile ya vitufe yenye kadi ya kumbukumbu.

Sitaki mtu aahidiwe makubwa. Mwaka 2024 watafiti wa Brazili wakiongozwa na Claudio Gil Araújo walichapisha matokeo ya watu 3,139 wenye miaka 46 hadi 65, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 13. Waliokuwa na viungo vyepesi zaidi walikufa kwa kiwango kidogo zaidi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba kunyoosha viungo kunarefusha maisha. Huenda wepesi ni alama ya mwili ulio na afya kwa sababu nyingine. Mwalimu akinukuu namba hizi kwenye rekodi, aeleze na hilo.

Na kuna maneno ambayo video karibu zote huyaruka, ambayo sauti inapaswa kuyatamka kabla ya mkao wa kwanza, tena kila mara, kwa kuwa leo huenda kuna msikilizaji mpya. Mwenye presha asibane pumzi na asikae kichwa kikiwa chini. Bega lililoanza kuuma usiku na sasa haliinuki hata kwa msaada wa mkono mwingine lisilazimishwe: linaweza kuwa bega lililoganda, tatizo linalowapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine, kwa hiyo mwenye bega hilo apimwe sukari pia. Maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti, au mguu ukifa ganzi, msikilizaji aache zoezi na aende hospitali wiki hiyohiyo. Wayo ukishindwa kuinuka, au haja ikianza kumshinda kuizuia, aende siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo sauti iseme: lala chali, kunja goti la kulia, toa pumzi, moja.